Mzigo wa Majani Juu ya Nguzo

Katika miaka ishirini na minane ya kuupima mlima, Tarsono aliandika uongo mmoja tu katika kitabu chake cha vipimo. Ulikuwa uongo wa maneno matatu: "Kosa la mpimaji." Alidhani umezikwa, kumbe ulikuwa ukimngoja.

Kituo chake kilielekea ubavu wa kusini wa Merapi, mlima wa volkano. Kila alfajiri, kabla mawingu hayajapanda kutoka mashamba ya mpunga, alielekeza mashine ya mwanga kwenye kioo kilichofungwa ubavuni mwa nguzo ya saruji, huko juu ya kijiji cha Ngrandu. Mwanga ulikwenda, ukakigonga kioo, ukarudi, na mashine ikamtajia umbali. Umbali ukipungua, maana yake mlima unafura kifuani, na mawe yaliyoyeyuka yanatafuta njia ya kutokea. Kazi ilitaka macho na uaminifu, basi.

Jumanne hiyo umbali ulikuwa umepungua sentimita kumi na nane tangu juzi. Alipima mara tatu, na mara tatu jibu likawa lile lile. Nyuma yake sindano ya mitetemo ilikwaruza karatasi bila kupumzika. Akapiga simu mjini, na mkubwa wake hakusita: "Watoe watu. Malori yatafika kesho asubuhi."

Malori hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Ngrandu.

Alipanda kijijini kwa pikipiki. Dulrokim, mkuu wa kijiji, alikuwa ameketi mbele ya banda la kukusanyia maziwa, sigara ya karafuu mdomoni.

"Haya, bwana vioo huyo! Safari hii umekosea sentimita ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Tarsono hakukasirika. Kicheko kile alikipanda mwenyewe, na sasa kilikuwa kimeiva.

Miaka mitatu nyuma kioo kilisogea sentimita kumi na moja kwa usiku mmoja. Kijiji kizima kikateremshwa, watu wakalala siku tisa katika madarasa ya shule, na ng'ombe wa maziwa wakabaki vibandani bila mtu wa kuwakamua. Ndama wawili walikufa, mmoja wao wa Dulrokim. Mlima haukutoa hata moshi. Siku ya kumi Tarsono akapanda hadi kwenye nguzo, akaikuta imeinama kuelekea bondeni. Juu yake palikuwa na utomvu wa majani mabichi na uzi wa kitambaa chekundu.

Akaelewa papo hapo. Wanawake wa Ngrandu hupanda kila siku kukata majani ya ng'ombe, na hushuka na mizigo mizito kama watu wazima, wameibeba mgongoni kwa mbeleko. Mwenye kuutua mzigo huo chini hawezi kuunyanyua tena peke yake. Kwa hiyo hutafuta ukingo ulio sawa na kiuno, akauegemeza mzigo bila kufungua mbeleko, akavuta pumzi. Na wao wapimaji, pamoja na shahada zao, walikuwa wamejenga nguzo ya kimo hicho hicho! Mvua ikalainisha msingi, mizigo ikaegemezwa siku baada ya siku, hadi mmoja ukaimaliza.

Uzi mwekundu ule aliujua. Marehemu mama yao ndiye aliyeshona pindo jekundu kwenye mbeleko ya Painem, dada yake mkubwa, mjane aliyeishi kwa ng'ombe watatu na kwa hisani ya majirani. Tarsono akautia uzi mfukoni, akashuka, akaandika yale maneno matatu. Nguzo mpya aliijenga ndefu kumpita mtu, ncha yake imechongoka.

Alimkuta Painem bandani, akimkamua ng'ombe mmoja kando ya Menik, ng'ombe wake aliyekaribia kuzaa.

"Mbakyu," alisema, kama alivyomwita dada yake tangu utotoni, "mlima unafura."

"Hata mwaka ule ulifura."

"Mwaka ule haukufura. Unajua."

Mikono ya Painem ikasimama. Maziwa yakadondoka tone moja, kisha jingine.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kumi."

"Miaka mitatu! Unakuja hapa, unakunywa maziwa yangu, umenyamaza kama gogo!"

"Ndama wa Dulrokim alikuwa amekufa. Wangekususia, Mbakyu. Nilidhani natenda wema."

"Wema gani huo? Ulijifanya mjinga ili mimi nisione haya, sasa watu wanakucheka wewe, na mlima wanaucheka. Wakifa na kicheko chao, utaniambia bado ni wema?"

 Tarsono alikuwa mtu wa kuwasahihisha wengine, na masahihisho hayo yalimwingia kama mwiba.

"Niruhusu niwaambie."

Dada yake akageuka, akaendelea kukamua.

Saa tisa alasiri watu walipoleta maziwa, Tarsono alisimama mbele yao. Akaeleza habari za kioo, mitetemo na malori.

"Mashine iliyodanganya jana," Dulrokim akasema, "leo tuiamini kwa kipi?"

"Mashine haikudanganya. Mimi ndiye..." Akakwama. Ukweli ulikuwa ulimini, lakini jina la dada yake lilikuwa ndani yake.

Hapo watu wakapisha njia. Painem alipita katikati yao, akaitupa mbeleko yake chini, pindo jekundu likaonekana.

"Mzigo wangu ndio ulioiinamisha nguzo. Niliisikia ikilegea chini ya majani, nikaondoka haraka. Mlilala shuleni siku tisa kwa ajili yangu. Ndama wako, Bwana Dulrokim, mimi ndiye niliyemuua. Huyu mdogo wangu alijua, akajitwika yeye."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi nilikuwa naegemeza pale."

"Na mimi."

"Nani hakuegemeza? Palikuwa pazuri!"

Dulrokim aliitazama mbeleko. "Na nguzo ya sasa, nani kaiegemea?"

"Nani wa kuifikia?" Painem akamjibu. "Labda mkeo, akisimama juu ya kichwa chako."

Watu wakacheka, ila kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine. Dulrokim akaizima sigara kwa kisigino.

"Haya. Ng'ombe wangu hawapendi kutangulia. Nani anaongoza?"

Hawakuyangoja malori. Jioni ile ile waliteremka kwa miguu, kila mtu na ng'ombe wake. Menik alikuwa ameanza uchungu, akagoma kusimama. Painem alimfungua kamba, akamjazia majani na maji, akamgusa paji la uso, akaondoka bila kugeuka.

Alhamisi adhuhuri mlima ukamwachilia kondoo wake, ndivyo watu wa huko wanavyoliita wingu lile la moto, kwa manyoya yake ya kijivu yanayofingirika mteremkoni. Dakika nne tu, na Ngrandu haikuwepo. Nyumba arobaini na mbili, na binadamu hata mmoja hakuwemo.

Siku ya sita mbingu zilitakata. Tarsono akaelekeza mwanga mahali pa kioo. Mwanga ulikwenda, haukurudi.

Painem alikuwa amefika kwa miguu kutoka shuleni walikohifadhiwa. Alichukua darubini, akaangalia kijivu kile, akairudisha.

"Kile kitabu chako cha vipimo kiko wapi?"

"Hujui kusoma, Mbakyu."

"Jina langu nalijua lilivyo. Kilete."

Tarsono akaufungua ukurasa wa miaka mitatu iliyopita. Akayapiga mstari mmoja maneno yale matatu, kwa rula, yaendelee kusomeka kama kanuni inavyotaka. Chini yake akaandika polepole, kisha akamsomea: "Nguzo iliinamishwa na mizigo ya majani ya wanawake wa Ngrandu, wa mwisho akiwa Painem. Mpimaji alijua."

Painem aliweka kidole juu ya jina lake, akakiacha hapo.

"Mpimaji ndiye nani?" akauliza. "Mlima huu umepimwa na wengi. Andika jina."

Akaandika.