Funda la Pili

Mpishi asiyesikia harufu, huyo ni mpishi gani? Swali hilo lilimtafuna Bi Mwiko, kama walivyomwita wenzake wa hotelini, tangu mafua makali yalipomuulia pua. Miezi kadhaa alikuwa akipika kwa kukisia, roho mkononi. Kesho angemwambia meneja ukweli, aache jiko alilolipenda maisha yake yote. Siri hiyo aliijua wifi yake tu, dada wa mumewe, muuza vinywaji ambaye mdomo wake haujui breki.

Jioni hiyo wifi akaja nyumbani kwake na chupa, akamkuta amebandika maharage jikoni. "Mvinyo mwekundu wa Ufaransa. Mzito, umeshiba kuliko wewe."

"Unajisumbua, wifi. Kwangu hayo ni maji."

"Basi kunywa maji, ukome kununa!"

Kizibo kikatoka. Wifi akamimina, akazungusha glasi yake kwa maringo. Bi Mwiko akameza funda moja, kumridhisha tu. Patupu. Funda la pili akaliacha likae ulimini, likamkwaruza ufizi taratibu. Mara, jamani! Kitu kikampanda kutoka kooni hadi puani. Zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka. Pilipili manga. Ngozi ya kiatu kipya. Kila akivuta pumzi, harufu moja inaipisha nyingine, na chini yake ipo nyingine tena, haina mwisho. Mambo yote haya yameenea vipi kwenye glasi moja? Hata kupepesa macho aliogopa, yasije yakatoweka.

"Wifi," akanong'ona, "nasikia."

"Unasikia nini?"

"Kila kitu! Zambarau. Mbao kavu. Halafu... moshi."

Wifi akatumbukiza pua glasini, akakunja uso. "Moshi? Mvinyo huu nauza kila siku, hauna moshi wowote."

"Upo. Tena unazidi."

Wakatazamana. Wifi akaruka kitini. "Mungu wangu, maharage!"

Jikoni sufuria ilikuwa ikifuka. Wifi akanyoosha mkono azime jiko, Bi Mwiko akaudaka. Alisimama katikati ya moshi, pua zimemtanuka, machozi yanambubujika, na huku anacheka.

"Niachie, wewe! Yanaungua!"

"Najua yanaungua," alisema mpishi. "Ngoja kidogo, wifi yangu. Acha yaungue."