Sukari Aliyokatazwa Candiru

Mwaka wa 1979, mwezi watu walipokuwa wakiikimbia Arua kwa ajili ya vita, Eyotaru alimchoma shangazi yake sindano mjini Koboko, uani kwa wenyeji waliowapokea, kwa kuwa alikwisha kuona ugali wa muhogo ukisongwa. Ndivyo nesi alivyomfundisha: dawa kwanza, chakula kifuate papo hapo. Shangazi Candiru alikuwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa saba sasa, na njia nzima Eyotaru ndiye aliyeshika dawa.

Ugali haujaepuliwa, risasi zikalia upande wa soko. Watu wakaondoka kama walivyokuwa. Sufuria ikabaki mekoni.

Wakashika njia ya mpaka wa Zaire. Eyotaru hakuwa na woga wala chochote. Aliangalia tu mgongo wa shangazi yake. Gauni likalowa jasho, na jua lilikuwa bado halijawa kali. Halafu miguu ikaanza kupishana. Halafu Candiru akamwita Eyotaru kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe, akakaa chini katikati ya njia.

Chakula hakikuwapo. Lakini Abiriga, mume wa shangazi, alikuwa na pakiti ya sukari ya magendo, ya kuwalainishia askari wa mpakani. Eyotaru akaomba kidogo.

Abiriga akakataa. Miaka saba hakuacha sukari iguse kikombe cha mkewe. Hata yeye alijizoeza chai kavu, bila sukari, asije akamtamanisha.

"Huyu iko na sukari mingi mpaka inamuua. Wewe nataka kuongeza ingine?"

"Baba, sindano imemaliza ile ya ndani. Na hakula kitu."

"Na akikufa?"

"Itakuwa mukono yangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kutaja siku ya soko. Abiriga akamtazama mkewe, aliyekuwa akitokwa na mate mdomoni. Akaweka pakiti chini, akawapa mgongo asione.

Eyotaru akalowesha kidole, akachovya, akasugua ndani ya shavu la shangazi. Tena. Tena. Watu waliwapita, wengine wakiwaruka. Mwisho Candiru akaramba midomo. Akauliza nani amempa kitu kitamu hivyo, akaomba Abiriga asiambiwe.

"Ni mimi nimetoa," Abiriga akasema, bila kugeuka.

Kisha akauliza kama mkewe ataweza kutembea. Aliweza. Eyotaru akaifunga pakiti, akaitia kifuani mwake, wakaingia tena katika watu.