Kutu Mguuni mwa Minza

Usiku wa kuamkia leo niliota, na ndoto zangu mimi haziendi upogo, uliza mtaa mzima. Au basi, usiulize. Mwaka juzi niliota mwenyekiti wetu amefariki, nikabeba unga na kilio hadi kwake, nikamkuta barazani anakata kucha.

Niliota nimelala kando ya mjukuu wangu Minza, mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mara nimo ndani ya mguu wake wa kushoto. Sikushangaa. Nilivua kandambili nikaingia.

Ndani ni uchochoro mwekundu, mwembamba, na chembe za damu zimejaa foleni. Zinakuja za mviringo kama maandazi, lakini kila moja ikishusha mzigo wake wa hewa, inapinda kama mundu na kumnasa mwenzake. Za nyuma zinasukuma.

"Mnafanya nini hapa?" nauliza.

"Tumekwama, bibi," inajibu ya mbele. "Tukishusha hewa tunapinda. Tukikwama, Minza analia."

"Si mnyooke?"

"Tunanyooka, tunapinda tena. Ndiyo maana tuna kutu."

Kweli, mgongo wake una kutu kama jembe lililolala nje masika yote. Hapo nikafurahi, maana kutu naijua. Nikachukua gunzi, mchanga na majivu. Vilikuwepo, sikuuliza vimetoka wapi. Nikaanza kusugua.

"Bibi, mimi si sufuria."

"Tulia wewe. Sufuria zote husema hivyo."

Ikapasuka. Chuma cha ndani kikamwagika, na kila kilipogusa ukuta, ukuta nao ukashika kutu.

"Wewe mama," ukuta ukaguna, "nani kakuita?"

Kabla sijajibu, zikaja chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Sahani za bati zenye maua, zinabingirika zenyewe.

"Wapi pamechubuka?" ikauliza kubwa yao.

"Hapajachubuka. Nafanya usafi."

"Pana kutu na pamepasuka. Kwetu hilo ni jeraha, na jeraha tunaziba."

"Mkiziba, damu itapita wapi?"

"Hiyo si kazi yetu."

Zikaanza kujibandika, moja juu ya nyingine, huku zikisuka nyuzi kama mkeka. Bonge likakua. Nikatazama vizuri, naona uchochoro umekuwa wodi, ile aliyolazwa Minza wakati wa Pasaka, na bonge limekaa kitandani limejifunika shuka.

"Likishaiva husafiri," ikasema sahani. "Mara nyingi huenda kifuani."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Minza ana kifua kimoja tu. Nikaishika mkono ile chembe ya mbele, japo haikuwa na mkono.

"Mwanangu, nifanye nini?"

"Maji, bibi. Humu damu ni nzito kama uji wa jana. Tukipata maji tunateleza."

"Maji anakunywa! Nachemsha mwenyewe, naweka jagi kando ya kitanda, na asubuhi nalikuta tupu."

Foleni nzima ikatazamana.

"Bibi, sisi tunakaa humu. Hayajafika. Minza anasema maji yako yananuka moshi."

Niliumia, nisiseme uongo. Nataka kuitukana, nikaamka.

Kumekucha. Minza ameshika paja, ameng'ata kanga asilie. Nikamwita mwanangu Masalu awashe pikipiki tuwahi hospitali, kisha nikamjazia Minza kikombe.

"Kunywa."

"Jana nilikunywa yote, bibi. Hukuona jagi?"

"Nimeliona. Kunywa."

Akaanza kunywa, ananitazama juu ya kikombe. Mimi nikafungua dirisha nimtafute Masalu. Nje ni kiangazi, ardhi imepasuka, mbuzi wa jirani wanatafuna maboksi. Lakini chini ya dirisha letu umesimama mnyanya, wa kijani kibichi, umezaa, na kwenye tope la shina lake amekaa chura, ametulia kama mwenye nyumba.

"Minza, huu mnyanya nani anaumwagilia?"

"Mvua, bibi."

"Imenyesha lini?"

"Usiku. Ulikuwa umelala."

"Ikanyesha hapa tu, chini ya dirisha?"

Akainamia kikombe, akakimaliza chote, akanikabidhi nimwongeze.

"Ilikuwa ndogo, bibi."