Siendi, Ninatembea

1.

TANGAZO
(ukuta wa zahanati)

Kila mtu mzima atembee kwa haraka nusu saa kwa siku, angalau siku tano kwa wiki. Kutembea hakuna gharama.

2.

TANGAZO
(ofisi ya mtaa, jirani na zahanati)

Kutokana na wizi wa mbuzi unaoendelea, ni marufuku kuzurura kabla ya jua kuchomoza bila shughuli inayoeleweka. Atakayekamatwa atashikiliwa hadi Mwenyekiti atakapomhoji.

3.

Mimi Mwanahawa, mkewe. Mume wangu Shekivuli ni fundi cherehani. Anakaa kutwa, miguu inakanyaga, cherehani haiendi popote. Jicho moja limefunga ukungu, la pili linafuata. Madaktari wa macho wanakuja Alhamisi, siku moja tu. Nesi kasema presha ikiwa juu hawampasui. Wakiondoka, mpaka mwakani, na mwakani...

Fundi asiyeona uzi ni nini?

4.

Kwenye benchi la kahawa:

— Nusu saa tu? Mimi nalima kutwa, mbona nina presha?

— Wewe unalima kwa mdomo.

— Basi mtu wa kawaida anahitaji muda gani hasa?

— Inategemea anakimbizwa na nani.

5.

Alichagua alfajiri, maana mchana ni wa suruali za watu. Presha ikaanza kushuka. Mkewe akaanza kuogopa.

"Baba Hiza, beba ndoo. Wakikuuliza, unafuata maji."

"Ndoo tupu?"

"Tupu."

"Uongo wenyewe sisemi, sembuse kuubeba."

6.

(Anaimba akishona. Katunga mwenyewe.)

Kusimama ni mashaka, kutembea ni hatia,
Dakitari ameweka, dawa yangu kwenye njia,
Na wenye njia wataka, sababu ya kupitia,
Nisemeje nikitoka: siendi, ninatembea?

7.

Mimi Mbwana, sungusungu. Suruali niliyovaa kaishona yeye. Lakini mbuzi aliyeibwa juzi ni wa mama yangu.

Alhamisi, alfajiri. Mtu anakuja mbio mbio. Tukamulika tochi.

"Shikamoo, fundi. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Siendi mahali."

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Na ukitoka hapa?"

"Nyumbani."

Wenzangu wakacheka.

"Fundi, sema hata msikitini, tukuache."

"Msikitini nitakwenda wakiadhini. Sasa hivi ninatembea."

Nilimwomba neno moja tu. Mwizi angekuwa nalo.

8.

TAARIFA

Mtuhumiwa, Shekivuli, yumo stoo ya ofisi. Mwenyekiti yuko mazikoni. Ufunguo anao yeye.

9.

Wewe unayesoma. Umekaa, najua.

Leo umeulizwa unakwenda wapi, ukajibu, "Hapo tu." Hapo ni wapi? Hukuulizwa tena. Neno dogo kama kifungo cha shati, nalo linafunga kila kitu. Yeye hakulitaka. Ukimwita mjinga, inuka kwanza. Kisha uniambie unakokwenda.

10.

Gari la madaktari limepita. Vumbi likaingia dirishani mwa stoo.

Mwanahawa, nje:

"Baba Hiza, usikasirike. Nakusihi. Hasira inapanda na presha."

Ndani:

Hatua.

Hatua.

Ukuta.

Hatua.

"Anafanya nini humo?" mimi Mbwana nikamuuliza mama Hiza.

"Anamalizia nusu saa yake. Mliikata njiani."

11.

Nilikwenda kwa jirani, nikarudi na nyundo. Kufuli ni la mtaa. Nikilivunja bila sababu, kesho nitalala humo mimi.

"Fundi, nipe neno la kumwambia Mwenyekiti. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Hatua.

"Fundi, wameanza kuita wagonjwa."

Hatua.

"Mwambie, baba Hiza. Kwa ajili yangu."

Hatua zikakoma.



Nilimsikia akivuta pumzi, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano asiyoiona.

"Mbwana. Nilikokuwa nakwenda nilishakujibu, na sibadilishi. Niulize sasa."

"Nikuulize nini?"

"Swali lako. Unalijua moja tu."

Mwanahawa akanitazama.

"Fundi. Unakwenda wapi?"

"Zahanati."

Nikainua nyundo.

Ng'ambo ya ua, sauti ya nesi inasoma majina, haingoji mtu:

Mhina.

Ngoda.

Semboja.

She