Msumari wa Ijumaa Jioni

Monari alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa kuoa, akachelewa hata kwenye harusi yake mwenyewe, bibi harusi akamsubiri kanisani hadi maua yakanyauka. Hayo yote mkwewe, Mzee Omwenga wa Homa Bay, aliyasamehe. Lakini kuchelewa kufungua Sabato? Jua la Ijumaa lizame, watu wameshapiga magoti, na Monari bado anapima sukari dukani kwake Migori! Hilo lilimchoma mzee yule wa kanisa hadi mfupani.

Ndipo akamnunulia saa. Saa ya ukutani hasa, yenye fremu ya mbao, pana kama sinia ya ugali wa wageni. Akaituma pamoja na onyo: "Ijumaa nakuja tufungue Sabato kwako. Nikute saa iko juu ya ukuta. Nisipoiona hapo, nitajua nilipea mtu wa aina gani binti yangu."

Maneno hayo yalimkosesha Monari raha wiki nzima. Alitamani, walau mara moja maishani, mzee yule amtazame bila kuguna.

Basi Ijumaa ikafika, na Monari, kama mjuavyo, akaanza kazi jua likiwa limeshalala upande. Nyumba ilikuwa ya matofali yaliyounganishwa kwa udongo. Mkewe Nyatichi, mtoto mgongoni, alimwambia mapema, "Baba Emmah, toboa tofali yenyewe, uweke kizibo cha mti, halafu skrubu. Hapo katikati ni udongo tu."

Monari akajaribu tofali. Tofali likakataa katakata. Akahamia kwenye udongo, msumari wa inchi nne ukazama kwa mapigo mawili.

"Si umeona? Imeingia!"

"Imeingia, ndiyo," alisema Nyatichi. "Na itatoka vilevile."

Akaitundika saa, juu kidogo ya kichwa chake. Ikapendeza. Jua nalo likazama, Sabato ikaingia, na nyundo ikawa kitu cha kutoguswa hadi kesho jioni. Hapo hapo mlangoni pakasikika hodi, na hapo hapo msumari ukaanza kuinama, saa ikateleza chini. Monari akaruka, akaigeuzia saa mgongo na kuikinga kwa kisogo.

"Karibu, Baba," alisema, bila kusogea hata inchi.

Mzee Omwenga akaingia, akaitazama saa, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika. "Leo umekuwa mwanamume," akasema.

Jamani, maneno matamu! Monari angewezaje kuishusha saa baada ya kusikia hayo? Wimbo ukaimbwa, yeye akaimba meno yakiwa yameumana, saa ikimgonga tik-tak ndani ya fuvu.

"Tupige magoti," mzee akasema.

Monari akakunja magoti kidogo, saa ikamfuata. Akajinyoosha haraka, akaishika kwa mikono yote miwili juu ya kichwa. Bahati nzuri wenzake walikuwa wameshafumba macho. Bahati mbaya, Mzee Omwenga huanza maombi kwa Adamu. Alipofika kwa Nuhu, mikono ya Monari ilikuwa ikitetemeka. Farao akiwa bado na moyo mgumu, jasho lilikuwa likimtiririka, na kilio kikamponyoka: "Ee Bwana wangu weee!"

Mzee akafumbua jicho moja. Akamwona mkwewe amesimama wima, mikono juu, anatetemeka na kulia. Maombi ya namna hiyo aliyaona mahali pamoja tu, kwenye lile hema la walokole, la ngoma na vigelegele, pale stendi. Wana wa Israeli akawaacha ukingoni mwa bahari.

"Nyatichi," alisema kwa sauti ya matanga, "bwana yako ameanza lini kwenda kwa hema?"

"Hema gani, Tata?"

"Si unaona mikono! Kuchelewa nilivumilia. Hata akiwa dukani alikuwa wetu! Sasa wameninyang'anya!" Mzee akatoa leso, akalia kweli.

Monari hakuweza kuvumilia machozi yale. Afadhali aibu.

"Si hema, Baba! Ni msumari! Nimepiga kwa udongo!" Na ili aaminiwe, akaachia mikono.

Saa ikashuka na pande la udongo, ikampiga begani, ikaangukia kochi, ikabiringika hadi sakafuni. Kioo kikasambaa chumba kizima.

Mzee akatazama tundu ukutani, kisha mkwewe aliyejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

"Msumari tu?"

"Msumari tu, Baba."

"Na kwa hema hujawahi kuingia?"

"Hata kamba yake sijaruka."

Mzee Omwenga akavivuka vigae vya kioo, akamkumbatia kwa nguvu, akapaza sauti hadi majirani wakasikia: "Asante Bwana! Kumbe mkwe wangu ni mjinga tu!"

Monari alikuwa hajawahi kusifiwa hivyo na mzee yule. Alifurahi mpaka akatokwa na machozi.