Bomba Lililosubiri Mgeni Rasmi

Jumamosi asubuhi wanachama wa Klabu ya Huduma ya Mwanga wa Mpaka walikusanyika Mpemba, kando ya barabara kuu, kupaka chokaa mawe yaliyozunguka bomba lao. Walivaa fulana za njano. Felista, katibu wa klabu, alipiga picha na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp: mawe kabla ya chokaa, mawe baada ya chokaa, mwenyekiti akiwa ameshika brashi. Foleni ya malori ya kuelekea mpakani ilikuwa haijasogea tangu jana yake, na madereva waliwatazama kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kutazama. Bomba lilikuwa kavu. Hakukuwa na mgeni rasmi.

Jambo hilo lilikuwa linajulikana. Siku ya uzinduzi, utepe ulipokatwa, maji yalitoka kwa nguvu hadi yakamlowesha mchungaji. Yaliendelea kutoka muda wote mgeni rasmi alipokuwa akihutubia, na aliposema asanteni kwa kunisikiliza, yakakatika. Wengine walisema ni hewa imeingia. Lakini bomba hilo halikuwa na pa kuingizia hewa, kwa sababu halikuunganishwa na chochote. Wanaklabu walichimba mtaro kwa kujitolea na kwa nyimbo mpaka ukingo wa lami. Tangi lilikuwa ng'ambo ya lami. Kupitisha bomba chini ya barabara kulihitaji kibali, kibali kilichelewa, na kadi za mwaliko zilikuwa zimeshagawiwa. Basi walifukia mtaro vizuri, wakapanda maua juu yake.

Wakazi walijifunza taratibu za maji hayo kama mtu anavyojifunza tabia za mkwe. Mgeni alitakiwa kuketi kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, asomewe risala, apigiwe makofi, kisha ahutubie. Maji hayakumtambua mwenyeji. Osea, fundi baiskeli, alivaa suti aliyofungia ndoa na kuhutubia mpaka sauti ikamkauka, bomba likatema mjusi. Lakini dereva mmoja wa Zambia aliyeitwa Clever, akiwa na kandambili na kaptula, alizungumza kwa Kibemba kuhusu matairi na mama mkwe wake, na ndoo za mtaa mzima zikajaa. Wanawake walipiga makofi pale walipokisia kwamba panafaa. Watu waliotoka Ileje kuja msibani walikalishwa kwenye kochi kabla hawajawaona wafiwa.

Gwantwa, mjane aliyewauzia madereva mahindi ya kuchemsha, aliwasogelea wenye fulana za njano akiwa na ndoo mbili tupu. Bintiye Restuta alikuwa ameingia mwezi wake wa kujifungua. Zahanati iliyokuwa nyuma ya bomba ilimtaka kila mjamzito aende kujifungua na maji yake, na hilo halikuandikwa popote, lilisemwa tu. Nesi Jenista alimweleza Gwantwa kwamba mtoto huwa anatoka hata pakiwa pakavu. Tatizo ni mikono ya kumpokea. Gwantwa alilifahamu tatizo hilo. Binti yake mkubwa alipokelewa mtoto wakati wa kiangazi, akapata homa, wakamzika kabla mtoto hajafumbua macho vizuri. Tangu Restuta apate ujauzito, Gwantwa hakuwahi kukaa kitako mpaka chai ikaisha. Alisimama, akachungulia barabara, akaketi, akasimama tena.

Alimwamkia mwenyekiti, Bwana Watson, wakala wa kutoa mizigo mpakani, mtu mwema aliyechangia damu kila mwaka na kuionesha bandeji. Alimwuliza kama klabu haiwezi kumalizia kipande kile cha chini ya lami.

Watson aliweka brashi chini. "Mama Restuta, mradi ukishazinduliwa hauchimbwi tena. Tukichimba leo ni kumwambia mgeni rasmi kwamba alidanganywa."

"Si alidanganywa?"

"Alidanganywa kwa heshima," alisema Watson, na akamwahidi mgeni mwingine, mkubwa zaidi, atakayekuja kutoka Mlowo mwezi ujao kupanda miti.

"Tumbo la Restuta halijui kalenda ya klabu, baba."

"Basi tumtafute dereva."

Ilikuwa busara. Lakini walipogeuka, foleni ilikuwa imeanza kutembea. Huko mbele geti lilifunguliwa na malori yote, yaliyokuwa yamelala pale kama nyumba, yakaondoka. Gwantwa alikimbia kandokando akigonga milango, akiwaomba madereva dakika chache za hotuba. Walimpungia mkono. Mmoja alipiga honi. Akarudi anahema, akaenda tena upande wa pili, akasimamisha bodaboda wawili, akawakuta ni vijana wa mtaani kwake. Barabara ilibaki nyeupe. Wakati huo Restuta alikuwa anatoka nyumbani kwa hatua fupi, ameshika kiuno, na uchungu ulimketisha kwenye nyasi karibu na bomba, hatua chache tu kutoka zahanati.

Wanawake wa klabu walitandaza khanga kumzunguka. Nesi Jenista alikuja ameinua mikono juu kama mtu aliyetekwa. Alikuwa ametoka kufunga kidonda cha mtu.

"Simgusi na mikono hii," alisema. "Nileteeni maji."

Osea alilileta kochi, akaliweka mahali pake, likakaa tupu. Watson alipiga simu Mlowo, akaambiwa mheshimiwa yuko kwenye kikao. Gwantwa alipiga magoti, akafuta mikono yake kwenye sketi, akaiangalia, akaifuta tena. Kisha akampokea mjukuu kwa mikono hiyo hiyo kwa sababu mtoto hakusubiri.

Alikuwa wa kike. Alivuta pumzi, akalia, na bomba likatoa maji.

Watu walipanga ndoo. Nesi Jenista alinawa mpaka kwenye viwiko, akakata kitovu, akamsafisha Restuta. Watson alipiga makofi kwa mazoea. Felista alitafuta pembe nzuri ya kupiga picha. Osea alieleza, akihamisha ndoo, kwamba maji yana akili: nani ametoka mbali kuliko huyu? Mtoto aliponyamaza, bomba lilinyamaza. Taarifa ya klabu ya juma hilo ilisema kwamba mradi wa maji wa Mpemba umeokoa maisha ya mama na mtoto. Hiyo ilikuwa kweli, na hakuna aliyeandika tena kuomba kibali cha kupita chini ya lami.

Homa haikuja. Gwantwa alikunywa chai yake ya kwanza akiwa ameketi. Restuta alitaka mtoto aitwe Tukuswiga, jina la bibi yake yeye Restuta. Wanawake wa mtaa walikuja na mchele na sabuni, wakampongeza, wakamwomba taratibu asiharakishe jina. Mtoto mwenye jina ni mwenyeji. Mchungaji naye aliona kwamba ubatizo unaweza kusubiri mvua, akaiacha ndoo yake mlangoni.

Sasa kila asubuhi Restuta huenda kukaa kwenye kochi na mwanawe. Mtoto akiwa amelala, wenye ndoo humsubiri aamke. Akiamka anacheka, humsubiri njaa impate. Wana adabu, hawamfinyi. Akilia, maji hutoka, na kadiri anavyolia ndivyo yanavyotoka, na kifua cha Restuta huanza kulowa chenyewe chini ya blauzi.

Jana Restuta alifungua kifungo cha kwanza. Mtoto alikuwa ameshakuwa mwekundu, sauti imeanza kukwaruza. Gwantwa alikuwa ameinama bombani, ameshika ndoo ya mwisho kwa mikono miwili.

"Bado kidogo, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Ikifika shingoni, mpe."