Miaka Sita ya Baba

Nilikwenda kuomba cheti cha uraia kupitia kwa baba, nikiwa nimebeba karatasi zake zote, hata zile nisizoombwa. Kiherehere changu hicho! Karani akaweka cheti cha uraia cha baba kando ya kitambulisho chake cha kazi.

“Dada, hapa kazaliwa mwaka huu, na hapa miaka sita baadaye. Ni mtu mmoja kweli?”

Nyumbani tulikuwa tunalicheka jambo hilo: baba alijipunguzia miaka ili aajiriwe udereva. Hapa liliitwa kughushi, na bango ukutani lilisema anayeghushi atanyang'anywa uraia.

“Ni yeye,” nikasema. “Labda walikosea kuandika.”

“Basi aje mwenyewe aeleze. Yuko wapi?”

Alikuwa nje kwenye benchi, amevaa lile koti alilovaa kwenye harusi yangu, amenishikia mkoba.

“Alishafariki,” nikasema.

Karani akanipa pole, akaandika “marehemu” kwa wino mwekundu, akagonga muhuri.

Mlango ukafunguliwa kidogo.

“Mwanangu,” baba akauliza, “bado hawajaniita?”